Swichi mbili kwenye steki hazitoshi

Wengi hununua swichi mbili za mtandao, yaani vifaa vinavyounganisha kompyuta za ofisi, wakaziunganisha kwa kebo za steki, wakaona zimekuwa kifaa kimoja, basi wakaamini mtandao hauwezi tena kuangushwa na hitilafu ya swichi moja. Kazi yangu ni kufunga na kutunza swichi za EX za kampuni ya Juniper, zilizopangwa kwa mfumo wao wa Virtual Chassis unaogeuza swichi kadhaa kuwa kifaa kimoja, yaani steki, na ninakusihi usiamini hivyo mpaka uchomoe umeme wa swichi kuu kwa mkono wako.

Ndani ya steki, swichi moja huwa kuu na nyingine huwa msaidizi. Kuu ndiyo inayoendesha OSPF (itifaki ya kubadilishana njia na vifaa jirani), inayopokea SSH (njia ya kuingia kwenye swichi ukiwa mbali), inayoshika hali nzima ya mtandao. Ikifa, msaidizi huchukua nafasi. Lakini huichukua ikiwa na taarifa gani? Bila mistari nitakayoitaja hapa chini, huanza karibu upya: poti hukatika hata kwenye swichi iliyobaki nzima, majirani wa OSPF hupotea, na mawasiliano husimama mpaka kila kitu kijengwe tena. Umelipia swichi mbili, na bado ofisi nzima imekatika.

Mistari minne ya mpangilio wa swichi ndiyo inayoleta tofauti:

set chassis redundancy graceful-switchover
set routing-options nonstop-routing
set protocols layer2-control nonstop-bridging
set system commit synchronize

Wa kwanza hulinda hali ya poti. Wa pili huiwezesha msaidizi kufuatilia njia za mtandao muda wote, majirani wasijue kama kuu imebadilika. Wa tatu hufanya hivyo kwa spanning tree (inayozuia mizunguko kwenye mtandao) na LACP (inayofunga kebo kadhaa ziwe kiungo kimoja). Wa nne huhakikisha kila badiliko unalohifadhi linafika pande zote mbili. Kisha ingia kwenye msaidizi, andika show system switchover, na usiendelee mpaka isome Ready.

Kuhusu kipaumbele, yaani namba inayoamua swichi ipi iwe kuu, zote mbili zipe 255. Najua inavutia kuipa moja namba kubwa zaidi ili ujue daima nani mkuu. Lakini swichi hiyo ikianguka kisha ikarudi, itadai tena uongozi wake, na watumiaji watatikiswa mara ya pili bila sababu. Na kama steki ina swichi mbili tu, weka no-split-detection, mstari unaozima ukaguzi wa kama steki imegawanyika. Juniper wenyewe wanashauri hivyo, kwa kuwa bila mstari huo, kufa kwa msaidizi kunaweza kuifanya kuu iliyo nzima iache kazi.

Programu haiwezi kuokoa kebo iliyochomekwa upande mmoja. Kila kiungo cha kwenda juu, yaani kwenye sehemu nyingine ya mtandao, na kila seva ya maana, kiwe na kebo kwenye swichi zote mbili, zimefungwa pamoja kwa LACP.

Hata ukifanya yote haya, steki bado inaendesha Junos moja (programu endeshi ya Juniper) na mpangilio mmoja. Kasoro ya programu inaweza kuipata kuu na msaidizi pia, na amri mbaya hufika kote kwa sekunde. Kwa hiyo mimi hutumia commit confirmed, ambayo hurudisha mpangilio wa awali baada ya dakika 10 usipothibitisha. Kwa sababu hiyohiyo, steki naipenda kwenye ghorofa za ofisi; chumba cha seva nakipa swichi mbili zinazojitegemea, zenye MC-LAG, inayoruhusu seva kufunga kebo zake kwenye swichi zote mbili kama kiungo kimoja.

Sasa jaribu, usiku, wenye ofisi wakijua. Acha pingi moja (ujumbe mdogo wa majaribio unaotumwa mfululizo) ikienda kwenye seva na nyingine intaneti, na simu ya mezani ikiwa hewani. Anza na amri request chassis routing-engine master switch, inayokabidhi ukuu kwa msaidizi kwa hiari. Ikipita salama, rudia kwa kuchomoa umeme, maana makabidhiano ya hiari hayakuonyeshi vifaa vyenye kebo moja. Andika vilivyokatika na kwa muda gani. Ukirudisha umeme, iache swichi hiyo iwe msaidizi. Hakuna haja ya kuirudishia ukuu.