Orodha ya mafundi na biashara yako mwenyewe: usiifiche kwamba ni yako, na usijipe namba moja

Mkuu umeuliza, una kazi yako ya kusafisha mazulia na makochi na sasa umefungua saiti ya orodha ya mafundi wa majumbani hapo mjini kwako, uitangazeje na je, uiunganishe na biashara yako au ufiche isijulikane ni ya nani. Nakujibu kwa yaliyonikuta, maana mimi natengeneza friji na AC na huu mwaka wa nne naendesha saiti ya namna hiyo hiyo.

Hilo la kuficha achana nalo kabisa. Mimi nilificha. Kwenye ukurasa wa mafundi friji nikajiweka wa kwanza na picha tatu, wenzangu nikawaweka chini jina na namba tu, na hakuna popote palipoandikwa mwenye saiti ni nani. Miezi miwili haikuisha akanipigia fundi mmoja mtu mzima, ninayemheshimu sana kwenye hii kazi, akaniuliza kwa upole tu, "Mdogo wangu, hii namba ya mwenye saiti mbona ndiyo namba yako ya kazi?" Nilikosa cha kujibu. Akaomba nimtoe, na wiki ile ile wengine watano nao wakaomba watolewe, mafundi si tunaongea, spea tunanunua sehemu zile zile. Iliniuma kwa sababu walikuwa na haki.

Na si sisi wadogo tu, 2017 Tume ya Ulaya iliipiga Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kosa la jamii hiyo, kuipa huduma yake yenyewe ya kulinganisha bei nafasi ya juu kwenye matokeo na kuwashusha washindani, wakakata rufaa mpaka Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya na 2024 wakashindwa. Wewe na mimi hatutapigwa faini, tutaachwa na mafundi, na saiti ya mafundi bila mafundi haipo.

Nilichofanya, juu kabisa ya ukurasa wa friji nikaandika kwamba saiti hii naiendesha mimi na jina langu nimo humu kwenye orodha. Halafu mpangilio nikaufanya uzunguke, kila ukurasa ukifunguliwa majina yanabadilishana nafasi na mimi nazunguka nao, picha kila mtu moja. Nikampigia yule kaka nikamwambia aingie aone mwenyewe. Alirudi, ila ilichukua muda.

Sasa matangazo. Nilianza kwa kulipia Facebook, watu wakaja wakachungulia wakaondoka, maana kurasa nyingi zilikuwa na jina moja au hazina kitu. Mtu maji yanamwagika jikoni usiku anatafuta fundi bomba, anakuta jina moja na namba haipatikani, huyo harudi tena hata ulipie nini. Kwa hiyo nikasimamisha matangazo nikakaa siku mbili napiga namba zote moja moja, "habari za kazi, uko kwenye orodha yetu, nahakiki tu namba yako, na unapokea kazi siku zipi?" Nyingine zilikuwa zimekufa, nyingine zimeshahamia kwa watu wengine kabisa. Lakini wengi walikuwa hawajui hata kama wamo, wakaomba linki, jioni naiona iko status WhatsApp kwa wateja wao. Zile simu zimenipa watu kuliko hela yote ya Facebook, nami nazirudia kila baada ya miezi mitatu.

Biashara yako ndipo inapokusaidia, kwa sababu tayari unaingia ndani ya nyumba za watu. Mimi nikimaliza kazi nabandika stika ubavuni mwa friji, juu namba yangu na tarehe niliyojaza gesi, chini anwani ya saiti. Ile tarehe ndiyo inayofanya wasiibandue, wanataka kujua gesi ina muda gani. Wewe weka tarehe uliyosafisha kochi, itafanya kazi ile ile. Na ukiwa sebuleni mteja akakuonyesha ukuta unaovuja, usimpe namba ya rafiki yako, mfungulie saiti pale pale kwenye simu yake achague mwenyewe, kesho ataifungua bila wewe.

Kwa upande wa Google, wasifu wa biashara (Google Business Profile, ule unaoonekana kwenye ramani yao) fungulia kazi yako ya usafi, saiti usiifungulie, kanuni zao haziruhusu biashara ya mtandaoni tupu wala anayekusanyia wengine wateja. Usitengeneze kurasa hamsini za mitaa zenye maneno yale yale jina la mtaa tu limebadilika, hizo wanazihesabu ni taka. Na maoni ya wateja usiandike hata moja kwa mkono wako, si ya kujisifia wala ya kumponda mwenzako.

Kuwatoza mafundi hela, subiri. Mimi nilikaa mwaka na nusu bure, na hata leo fani yangu ya friji sitozi mtu, nitamtozaje ninayegombania naye mteja. Anza na hizo simu wiki hii, halafu njoo hapa utuambie ni wangapi wamepokea.