Je, kumchanja mtoto asiyeumwa ni kukosa tawakkul (kumtegemea Allah)?

Swali: Assalaam alaykum sheikh. Mwanangu ana wiki tano na kadi yake inaonyesha sindano za kwanza wiki ijayo. Mume wangu amekataa. Anasema mtoto haumwi, tumwachie Allah, tena amesikia chanjo zina nguruwe. Nami naogopa, maana mtoto wa dada yangu alipandwa na homa usiku uleule aliochanjwa. Nifuate lipi?

Jibu: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, mpeleke mtoto. Nitaeleza kwa nini, ili umweleze na mumeo kwa upole.

Hoja yake ya tawakkul ilijibiwa zamani. Sayyidna Umar (r.a.) alipofika Sargh, njiani kwenda Sham (nchi za Syria na jirani zake), aliambiwa huko kuna tauni, akaamua kuwarudisha watu. Sahaba Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia qadari ya Allah. Akajibu: naam, tunaikimbia qadari ya Allah kuelekea qadari ya Allah. Waliorudi siku ile walikuwa wazima. Na Mtume (s.a.w.) amesema kuwa mwenye kula tende saba za ajwa asubuhi hadhuriwi siku hiyo na sumu wala uchawi, wameipokea Bukhari na Muslim. Sheikh Ibn Baz, mufti wa zamani wa Saudia, aliitolea dalili hadithi hii kuwa inafaa kujikinga kwa chanjo kabla ya maradhi kuingia.

Suala la nguruwe si uzushi mtupu, kwa hiyo usimdharau mumeo. Jelatini, ambayo huweza kutokana na nguruwe, huwekwa katika baadhi ya chanjo za surua ili kirusi kilichodhoofishwa kisiharibike. Kimeng'enya cha kongosho la nguruwe pia kimetumika maabara katika kukuza virusi vya polio, kisha huoshwa na kuchujwa. Lakini sindano ya magonjwa matano ya wiki ya 6 (dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini B na Hib, bakteria anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo) haina jelatini. Wanavyuoni wengi wa leo huruhusu kwa istihala, yaani kitu kugeuka kuwa kingine, kama pombe inavyogeuka siki. Mfuasi wa Imam Shafi, ambaye kwake istihala ina mipaka finyu, ana njia nyingine: Imam Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu hayo, katika kitabu chake al-Majmu' ameruhusu kujitibu kwa najisi isiyolevya, pale kisipopatikana kilicho tohara cha kushika nafasi yake na mjuzi wa tiba akathibitisha. Ikipatikana chanjo isiyo na jelatini, ichukueni hiyo. Mwombeni muuguzi karatasi iliyomo ndani ya boksi la chanjo. Viambato vimeandikwa humo, na mumeo asome mwenyewe.

Sasa hofu yako. Homa ndogo ya siku moja au mbili na uvimbe paja lilipochomwa ni kinga ya mwili inayojifunza kazi. Mnyonyeshe mara kwa mara, mvue nguo nzito, usimkande wala kumpaka dawa palipochomwa. Usimpe parasetamoli kabla ya sindano. Kwa umri wake uliza kwanza kliniki, kwani dozi hupimwa kwa kilo zake na si kwa kijiko cha kukisia. Kwa umri wake, homa ikifika nyuzi 38, akilia mfululizo saa tatu, akipata degedege, akilegea au akikataa kunyonya, mkimbizeni hospitali. Mzio mkali ni nadra na kwa kawaida hujitokeza upesi, ndiyo maana mnaambiwa mkae kliniki angalau dakika 15 hadi 30. Msiondoke kabla.

Mwambie muuguzi kama mtoto ana ugonjwa mkali, au aliwahi kupata mzio mkali baada ya dozi iliyopita: hapo chanjo huahirishwa au huachwa, na kuacha huko kuna ruhusa ya sheria pia. Mafua madogo si udhuru.

Baba ana mamlaka juu ya mtoto kwa ajili ya kumlinda, na Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Nendeni pamoja, usimfiche. Ila msikawie, maana kifaduro huua zaidi watoto wa miezi ya mwanzo, na kinga ya mwanzo hujengwa kwa dozi za wiki ya 6, 10 na 14. Tarehe ikiwapita, fikeni siku yoyote mtakayoweza. Mtaendelea mlipoishia, dozi alizokwisha kupata hazirudiwi.

Wallahu a'lam.