Kwa mnaoanza kufuga nguruwe wa kuzalisha hapa Bukavu

Karibuni katika kazi hii. Wengi mnaniuliza dawa gani ya kununua kwanza. Mimi naomba muanze na swali jingine: huyo nguruwe mnayemleta anatoka wapi? Bakteria sugu kwa dawa, yaani wasiouawa tena na dawa, huingia zizini wakiwa wamebebwa na nguruwe mzima kabisa, mnene, asiyekohoa wala kuhara. Akishakuwa mama, watoto wanapokea bakteria hao siku ile ile wanayozaliwa, kwenye chuchu na kwenye mavi. Wakiachishwa maziwa, mnawauza Kabare, Walungu, hata Uvira, na usugu unakwenda nao.

Norway walielewa hili mapema. Tangu 2013 wanatafuta makundi ya nguruwe yenye stafilokoka sugu kwa methisilini (aina ya bakteria wasiouawa na dawa hiyo), wanayaondoa yote, wanaosha na kuua vijidudu, kisha wanaweka nguruwe safi. Sisi hatuna uwezo huo, lakini waligundua pia kwamba watu wenyewe huingiza bakteria hao zizini, na hilo linatuhusu sana: nawa mikono kabla ya kugusa nguruwe, si baada tu.

Dume wa kuazima, yule anayezungushwa nyumba kwa nyumba, ndiye ananitia hofu kuliko wote. Kama wawezekana, jirani wachache mchangie dume wenu asiyetoka. Kila nguruwe mgeni akae peke yake mwezi mzima, na ndoo yake, na buti zake, mkimhudumia wa mwisho.

Chumba cha kuzalia ndipo nguvu zenu ziende. Watu humwaga klorini juu ya mavi na kuamini wamemaliza. Mavi yanaimaliza nguvu. Kwangua kwanza, sugua kwa maji na sabuni mpaka ule utando wa mafuta unaoteleza chini ya vidole utoke, hasa kwenye kona na chini ya chombo cha kulia, acha pakauke kabisa, ndipo utie dawa au chokaa. Msimu wa mvua kukauka kunachukua muda, vumilia. Mtoto akizaliwa, hana kinga: hakikisha hata yule mdogo kuliko wote amenyonya maziwa ya kwanza ndani ya saa 6. Hayo yanazuia kuhara kuliko sindano nyingi.

Sindano nazo. Homa ya nguruwe ya Afrika ni virusi. Oksitetrasaiklini ni dawa ya bakteria, haiwezi kuiponya, ila watu bado wanachoma zizi zima kwa hofu. Mkifanya hivyo mnaua bakteria dhaifu na kuwaachia nafasi walio sugu. Anayeumwa kweli apewe dozi kwa uzito wake, kwa siku zote alizoandika veterineri, hata akianza kula. Andikeni kwenye daftari nguruwe gani, dawa gani, na ilisaidia au la. Dawa ile ile ikishindwa mara 2 kwa kuhara kwa namna moja, msiongeze dozi: mpelekeeni veterineri daftari hilo pamoja na mavi mapya kwenye chombo safi.