Maswali ya wasomaji: urari umepishana kwa 54,000

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa S5 (mwaka wa tano wa sekondari) hapa Arua, Uganda, nasoma Ujasiriamali. Tumepewa zoezi la duka la vifaa vya shule. Urari wangu, yaani orodha ya masalio ya akaunti zote ambayo pande zake mbili hutakiwa kulingana, una 1,846,000 kwenye debiti (kushoto) na 1,792,000 kwenye krediti (kulia). Nimejumlisha mara tatu, majibu ni yale yale. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Ukijumlisha kila mara kutoka juu kwenda chini, jicho hukariri kosa. Jumlisha mara moja tu kutoka chini kwenda juu, kisha achana na kazi hiyo. Anayesahau kubeba tarakimu kwa kawaida hupishana kwa 1,000, 10,000 au 100,000 kamili, na 54,000 haifanani na kosa la namna hiyo.

Tafuta kwanza 54,000 yenyewe. Krediti ndiyo pungufu, basi pitia wadai, mkopo, mauzo na mtaji: kuna salio la kiasi hicho lililobaki kwenye leja (daftari la akaunti) bila kuingia kwenye urari? (Ingekuwa debiti ndiyo pungufu, ningekutuma kwenye daftari la fedha. Salio la taslimu husahaulika kwa kuwa haliko kwenye leja.)

Halipo? Gawa kwa 2, upate 27,000. Kiasi cha krediti kikiingizwa debiti, upande mmoja huzidi kwa 27,000 na mwingine hupungua kwa 27,000, ndiyo maana pengo huwa maradufu. Mshukiwa mkuu hapa ni bidhaa zilizorudishwa. Tulizorudisha kwa msambazaji ni krediti, walizoturudishia wateja ni debiti, na majina yake yanachanganya. Punguzo nalo hivyo hivyo: tulilopewa ni krediti, tulilotoa ni debiti.

Bado? Gawa kwa 9. Inatoka 6,000 bila baki, na hiyo ni dalili ya tarakimu kugeuzwa. Ile 6 inakuambia tarakimu mbili zinapishana kwa 6: 93,000 iliyoandikwa 39,000, au 82,000 iliyoandikwa 28,000, au 71,000 iliyoandikwa 17,000. Usisahau pia 60,000 iliyoandikwa 6,000. Kwa shilingi yetu yenye sufuri nyingi, mimi ningeanza na hiyo.

Muda ukikuishia, fungua akaunti ya muda (ya kushikilia tofauti hadi kosa lipatikane), weka 54,000 krediti, uendelee. Usibadilishe tarakimu yoyote ili urari ukubali. Baadaye ukigundua kwamba mauzo ya 93,000 yaliingizwa 39,000, andika kwenye jarida (daftari la kuandikia marekebisho): debiti akaunti ya muda 54,000, krediti mauzo 54,000. Faida nayo itapanda kwa 54,000, kwa hiyo rekebisha na mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji).

Jihadhari pia na urari uliokubali. Baiskeli ya kupelekea bidhaa ikiandikwa kwenye manunuzi badala ya mali za kudumu, pande mbili zitalingana vizuri kabisa huku faida ghafi ikiwa ya uongo.

SWALI: Nina duka dogo Mbale. Binti yangu wa S3 ananiandikia daftari. Nikichukua sukari kilo 5 ya nyumbani, anaandika mauzo kwa bei ya dukani. Ni sawa?

JIBU: Hapana, mama. Tuseme kilo uliinunua kwa 3,800 na unaiuza 4,500. Akiandika mauzo ya 22,500, daftari litaonyesha faida ya 3,500 ambayo hakuna aliyeilipa, na jioni droo itaonekana imepungukiwa 22,500. Hapo ndipo mtaanza kushukiana. Aandike kwa bei ya kununulia: debiti matumizi binafsi 19,000, krediti manunuzi 19,000. Mauzo yasiguswe. Nawe tundika karatasi kando ya rafu, uandike tarehe, bidhaa na kiasi papo hapo unapochukua, maana ifikapo mwisho wa wiki hutakumbuka.