Nabii alisema miezi mitatu, sasa ni Oktoba

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mama. Mimi ni dada wa miaka 31 niko Mbeya, nilimaliza digrii ya ualimu 2018 na mpaka leo ajira ya serikali sijapata. Zikitangazwa naomba, usaili nimeitwa nikatoka kapa. Januari kwenye mkesha nabii mmoja akanitabiria ndani ya miezi mitatu mlango unafunguka ila nitoe sadaka ya mbegu, nikatoa laki mbili, halafu nikaacha na kazi ya shule binafsi niliyokuwa nafundisha maana niliona nikiendelea pale ni kama sina imani. Sasa ni Oktoba. Nabii anasema nina haraka, niongeze mbegu. Mchumba wangu naye anataka kuleta posa namwambia asubiri niajiriwe kwanza. Kanisani kila nikilia wananiambia wakati wa Mungu ndio sahihi, soma Yeremia 29:11. Nimechoka mama. Nisubiri mpaka lini? – M., Mbeya

JIBU: Amen binti yangu, asifiwe sana. Pole, na kuchoka siyo dhambi, Zaburi imejaa watu wanaomuuliza Mungu "hata lini" na hakuna aliyepigwa radi.

Sasa hiyo Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya, tunaipenda jamani, iko kwenye kalenda, kwenye vitenge, kwenye stetasi za watu. Ila naomba ufungue Biblia usome kuanzia mstari wa kwanza. Ile ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu anawaandikia watu waliochukuliwa mateka wakapelekwa Babeli, watu wanaotaka kurudi nyumbani hata kesho, na mstari wa 10, mmoja tu kabla ya huo tunaoupenda, anawaambia itachukua miaka 70. Sabini! Maana yake wazee wengi waliosomewa barua ile walijua kabisa kwamba watazikwa hukohuko.

Na wanaambiwa wafanye nini katika hiyo miaka yote? Mstari wa 5 na wa 6: wajenge nyumba wakae, walime bustani wale matunda yake, waoe, waolewe, wazae. Wa 7 unaongeza wauombee amani mji walikopelekwa, mji wa watu waliowateka. Hakuna mahali wameambiwa wakae juu ya mabegi. Huko ndiko kusubiri kwa Biblia binti yangu, maisha yanaendelea na ahadi iko palepale. Wewe umeacha kazi, umesimamisha ndoa, bustani umeacha magugu yaote, na ukadhani hiyo ndiyo imani.

Rudi nyuma sura moja, ya 28, utamkuta nabii anaitwa Hanania. Huyu alitangaza hekaluni mbele ya makuhani na watu wote kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kinarudi, akaichukua ile nira aliyovaa Yeremia shingoni kama ishara ya utumwa wa Babeli, akaivunja mbele za watu. Fikiria shangwe lilikuwaje. Na kinachonigusa mimi ni kwamba Yeremia alipousikia unabii ule alianza kwa kusema Amina, Bwana na afanye hivyo, maana na yeye alikuwa anatamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli, na Hanania alikufa mwaka uleule. Sisemi nabii wako ni Hanania, simjui. Ila mtu anayekukatia muda, muda ukipita lawama anakurudishia wewe na bei inapanda, hiyo laki nyingine usimpe. Sadaka inatolewa kwa moyo wa kupenda, siyo ada ya kuharakishiwa majibu.

Kuhusu kazi, Yusufu gerezani alimwomba waziwazi mnyweshaji wa Farao, ukitoka nitaje kwa bwana wako. Jamaa akatoka akasahau, ikapita miaka miwili, ila hakuna mahali Yusufu anaambiwa kule kuomba msaada ni kukosa imani. Kwa hiyo endelea kuomba ajira zikitangazwa, jiandae na usaili kweli kweli, na huku unafundisha, maana mwalimu aliyekaa nje ya darasa karibu mwaka mzima hata kwenye usaili anaonekana.

Kama ajira ya serikali itakuja mimi siwezi kukuahidi, na atakayekuahidi muulize ameitoa wapi. Mungu aliahidi kuwa na wewe, barua ya ajira kutoka Utumishi sijaiona kwenye Biblia yangu.

Kwa hiyo Jumatatu mpigie mwalimu mkuu wa ile shule, Januari siyo mbali na shule hizi zinapanga walimu mapema. Na huyo kaka mwambie awatume washenga, kama anakupenda bila cheki namba, ile namba ya mwajiriwa wa serikali, basi huyo anajua anachokitaka.