Usijiuzulu kwanza, dada

Dada, umeuliza kama uache uuguzi serikalini uingie mradi wa utafiti wa miaka 2 hapa Entebbe, Uganda. Usijiuzulu, omba kwanza likizo bila malipo. Mimi nilikuwa nakusanya data vijijini. Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, tulirudisha tabuleti na funguo za friji ya sampuli siku hiyohiyo, mkataba ukiwa na miezi 9 mbele. Wagonjwa waliendelea kunipigia simu wakiuliza tunarudi lini. Inaniuma mpaka leo.

Ukiamua kuingia, soma kifungu cha kuvunja mkataba, na uhakikishe mwajiri anapeleka NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ile asilimia 10 yake ya mshahara wako. Halafu jifunze takwimu mapema. Kwetu wachambuzi walipata mradi mwingine haraka. Sisi wakusanyaji tulitangulia kuondoka.