Mwanao si mvivu, na mumeo hamdekezi

*Shangazi, mwanangu ana miaka 7, yuko darasa la pili. Kusoma hataki. Hadithi moja ataisoma yote bila kosa, ukimfungulia nyingine hata "ndoo" inamshinda. Nikimchapa, baba yake anamkingia kifua, eti apelekwe akapimwe. Yeye mwenyewe kitabu hashiki, na ujumbe wa simu anataka wa sauti tu. Samaki si hukunjwa angali mbichi? — Mama Aliyechoka*

Pole kwa uchovu. Ila katika ugomvi huu niko na mumeo.

Hadithi ile mwanao haisomi, ameikariri. Funika picha, mwanzishie katikati ya sentensi, uone. Kisha mwandikie maneno yasiyo na maana, kama "bidofe" au "ndalumo". Mtoto aliyeshika silabi huyasoma ingawa hajawahi kuyasikia. Anayebahatisha kwa sura ya neno hukwama hapo hapo.

Hizo huenda ni dalili za disleksia: ubongo unapata shida kuunganisha sauti na herufi. Si upungufu wa akili. Kwa Kiswahili hujificha vizuri, kwa sababu maneno yetu husomwa kama yalivyoandikwa. Mtoto hatimaye hupatia, lakini polepole mno, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo umeshampotea. Kwa hiyo angalia kasi, usihesabu makosa tu. Rudi nyuma pia: alichelewa kuzungumza? Alipindua silabi, "kabati" ikawa "katiba"? Siku za wiki bado anazichanganya? Kugeuza b na d peke yake kusikutishe, kwa umri wake bado ni kawaida.

Sasa mumeo. Uliyoyaandika kumsuta ndiyo yaliyonifanya nimwamini. Disleksia hutembea katika ukoo, na mtu mzima anayekwepa maandishi huenda anayajua mateso ya mtoto huyo kuliko wewe na mwalimu. Ndoa za siku hizi zimejaa kushindana nani mzazi bora, hata mwenzako akikueleza jambo la maana unasikia utetezi. Muulize yeye alijifunzaje kusoma, kisha nyamaza umsikilize.

Mpeleke mtoto apimwe masikio na macho kwanza, halafu kwa mwalimu wa elimu maalumu au mwanasaikolojia wa elimu. Msingoje majibu ndipo muanze. Dakika 10 hadi 15 kila siku zinatosha. Saa nzima mwisho wa wiki humchosha na hakibaki kitu. Fundisha sauti ya herufi, si jina lake. Aichore kwa kidole mchangani huku akiitamka. Maneno ayapigie makofi, silabi kwa silabi. B ikikaa sawasawa ndipo ulete d, kwani wengi huzifundisha siku moja na kuzidisha mkanganyiko. Mb, nd na ng' zije baada ya ba, be, bi, bo, bu kushika. "Ndoo" imemshinda kwa sababu hiyo. Hadithi endeleeni kumsomea ninyi, msamiati wake usidumae.

Methali umeitaja wewe. Kukunja si kuchapa: mtoto anayeogopa hubahatisha zaidi ili yaishe upesi. Fimbo iache leo. Na mwombe mwalimu asimsimamishe kusoma mbele ya wenzake bila kumpa ukurasa huo siku moja kabla.